Kufuta thamani za safu moja kwenye jedwali la SQL bila kugusa kisichohusika

Jedwali lina maelfu ya mistari. Unataka namba za simu za akaunti zilizofungwa ziondoke, lakini majina yabaki, pointi zibaki, na mistari yenyewe ibaki. Mtu akisikia "futa", mkono unakimbilia DELETE, na hapo ndipo balaa linapoanzia. DELETE haijui safu (column). Inachokijua ni mstari (row), na ukiiita inaondoka na mstari mzima, jina na kila kitu.

Kazi hii ni ya UPDATE. Thamani iliyo ndani ya safu haifutwi, inabadilishwa: unaweka utupu mahali palipokuwa na kitu. Ndugu wawili wa DELETE nao wawekwe kando mapema. TRUNCATE inamwaga jedwali zima, na ALTER TABLE ... DROP COLUMN inaondoa safu yenyewe kwenye muundo wa jedwali, si thamani zake tu. Kama unachotaka ni safu isiwepo tena kabisa, DROP COLUMN ndiyo yako na huhitaji kusoma zaidi.

Mifano yote humu inatumia jedwali hili:

```sql
CREATE TABLE wateja (
  id          INTEGER PRIMARY KEY,
  jina        VARCHAR(100) NOT NULL,
  simu        VARCHAR(20),
  barua_pepe  VARCHAR(120) UNIQUE,
  pointi      INTEGER DEFAULT 0 NOT NULL,
  hali        VARCHAR(20)
);
```

Safu ya hali inabeba maneno kama 'hai' na 'imefungwa'. Amri nyingi hapa chini zinafanya kazi vilevile kwenye mifumo mitano ya hifadhidata: PostgreSQL, MySQL, SQLite, SQL Server na Oracle. Pale zinapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Amua utupu wako ni wa aina gani

Kabla ya kuandika amri yoyote, jiulize: safu ikishafutwa, iwe na nini? Kuna majibu matatu ya kawaida, na kila moja lina matokeo yake.

NULL maana yake hakuna thamani, au thamani haijulikani. Maandishi matupu, yaani alama mbili za nukuu zisizo na kitu katikati (''), ni thamani kamili. Ni maandishi yenye urefu wa sifuri. Na 0 ni namba kama namba nyingine.

Tofauti hii inaonekana kwenye hesabu. Chukua safu ya namba yenye mistari mitatu: 10, 20, na wa tatu umeufuta. Ukiweka NULL, AVG (wastani) inauruka na kukupa 15. Ukiweka 0, AVG inauhesabu na kukupa 10. Ripoti ni ileile, data ni ileile, jibu limebadilika kwa sababu tu ya aina ya utupu uliyochagua. COUNT nayo ina tabia hiyohiyo: COUNT(simu) inahesabu mistari ambayo simu si NULL, lakini mstari wenye '' inauhesabu kana kwamba mteja ana namba. COUNT(*) haijali, inahesabu mistari yote.

Ushauri wangu ni NULL, isipokuwa kuna sababu ya kueleweka ya kufanya vingine. Kwenye pointi 0 ina mantiki, maana mteja asiye na pointi ana pointi sifuri kweli. Kwenye simu, '' haina faida yoyote ninayoijua zaidi ya kumridhisha mtu aliyeandika programu isiyojua kupokea NULL.

Safu ya barua_pepe ina UNIQUE, sharti kwamba thamani isijirudie, na hapo '' inagoma waziwazi. Mstari wa kwanza utakubali, wa pili utakataliwa kwa sababu '' tayari ipo. NULL hazina shida hiyo kwenye PostgreSQL, MySQL, SQLite na Oracle. Unaweza kuwa nazo nyingi upendavyo. SQL Server peke yake inaruhusu NULL moja tu kwenye safu ya UNIQUE, na dawa yake ni kuondoa sharti hilo na kuweka indeksi ya kipekee yenye kichujio:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX ix_barua_pepe
ON wateja (barua_pepe)
WHERE barua_pepe IS NOT NULL;
```

Wanaotumia Oracle wana lao: humo, maandishi matupu ya VARCHAR2 huhesabiwa kuwa NULL. Ukiandika SET simu = '' umeandika SET simu = NULL.

Hatua ya 2: Andika WHERE kwanza, ndani ya SELECT

Hatari yote ya kazi hii imekaa kwenye WHERE. UPDATE isiyo na WHERE inagusa jedwali zima bila kukuuliza. Kwa hiyo usianze na UPDATE. Anza na SELECT yenye sharti lilelile utakalotumia:

```sql
SELECT COUNT(*)
FROM wateja
WHERE hali = 'imefungwa'
  AND simu IS NOT NULL;
```

Iandike pembeni namba inayotoka. Kisha badilisha COUNT(*) iwe id, jina, simu, hali na uipitie mistari yenyewe kwa macho, angalau kiasi. Mara nyingi hapo ndipo unapogundua kwamba akaunti nyingine zimeandikwa 'Imefungwa' kwa herufi kubwa, au 'imefungwa ' yenye nafasi mwishoni. PostgreSQL, Oracle na SQLite zinatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye ulinganisho wa =. MySQL na SQL Server, kwa mpangilio wake wa kawaida, hazitofautishi. Sharti moja linaweza kukamata mistari mingi kwenye seva moja na michache kwenye nyingine.

Mtego mwingine uko kwenye ukanushi. Mtu anaandika WHERE hali <> 'hai' akidhani amekamata kila asiye hai. Hajakamata. Mstari ambao hali yake ni NULL hauingii, kwa sababu kulinganisha NULL na kitu chochote hakutoi kweli wala uongo. Kunatoa "haijulikani", na WHERE inapitisha kilicho kweli tu. Ukiwataka na hao, sema waziwazi:

```sql
WHERE hali <> 'hai' OR hali IS NULL
```

Kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeandika simu = NULL kwenye WHERE akapata kitu. Ni IS NULL au IS NOT NULL. Alama ya = inafaa kwenye SET tu, kwa kuwa pale haulinganishi, unaweka.

Kipande cha AND simu IS NOT NULL kinaonekana cha ziada, lakini kiache. Kinazuia seva isiandike upya mistari ambayo tayari ni mitupu, kinafanya idadi unayoiona iwe ya mistari inayobadilika kweli, na kitakufaa sana tukifika kwenye majedwali makubwa.

Hatua ya 3: Weka akiba ya thamani za zamani

Nakala kamili ya hifadhidata ni jambo jema, lakini kuirejesha yote ili upate safu moja ni kazi ya usiku mzima. Hifadhi kile tu unachokwenda kukifuta, pamoja na ufunguo wa kukirudishia:

```sql
CREATE TABLE wateja_akiba AS
SELECT id, simu
FROM wateja
WHERE hali = 'imefungwa'
  AND simu IS NOT NULL;
```

Kwenye SQL Server muundo ni SELECT id, simu INTO wateja_akiba FROM wateja WHERE na kadhalika. Hesabu mistari ya wateja_akiba. Iwe sawasawa na ile namba uliyoiandika pembeni.

Fanya hivi kabla ya kufungua muamala (kundi la amri unaloweza kulithibitisha au kulibatilisha kwa pamoja), hasa kwenye MySQL na Oracle, kwa sababu humo CREATE TABLE inathibitisha muamala ulio wazi yenyewe bila kukuuliza.

Hatua ya 4: Futa, ukiwa ndani ya muamala

Sasa ndiyo zamu ya UPDATE. Chukua WHERE yako kama ilivyo, usiiandike upya kwa kichwa, inakili.

```sql
BEGIN;

UPDATE wateja
SET simu = NULL
WHERE hali = 'imefungwa'
  AND simu IS NOT NULL;
```

Kwenye SQL Server andika BEGIN TRANSACTION. Oracle haihitaji neno la kuanzia, muamala unafunguka wenyewe. Seva itakujibu idadi ya mistari iliyoguswa. Ilinganishe na namba yako. Zikifanana, tazama matokeo:

```sql
SELECT hali, COUNT(*) AS mistari, COUNT(simu) AS wenye_simu
FROM wateja
GROUP BY hali;
```

Kundi la 'imefungwa' liwe na sifuri kwenye wenye_simu, na kundi la 'hai' liwe halijapungua. Ukiridhika, COMMIT, na mabadiliko yanathibitishwa. Usiporidhika, hata kama ni mashaka tu, ROLLBACK na kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Usifungue muamala halafu ukaenda kula. Mistari uliyoigusa inabaki imefungiwa mpaka useme COMMIT au ROLLBACK, na programu nyingine zinazotaka kuibadilisha zitasimama foleni nyuma yako.

Hakikisha pia kwamba jedwali lako linaelewa miamala. Kwenye MySQL, majedwali ya InnoDB yanaelewa. Ya MyISAM, ambayo bado yapo kwenye mifumo ya zamani, hayaelewi. Kwenye MyISAM, BEGIN na ROLLBACK zinapokelewa vizuri tu, lakini mabadiliko hayarudi. Akiba ya hatua ya 3 hapo ndiyo kinga pekee uliyonayo.

MySQL ina kinga nyingine inayowaudhi wengi: kosa namba 1175, linalotokea kila mara kwenye MySQL Workbench. Linasema unajaribu UPDATE ambayo WHERE yake haitumii safu yenye ufunguo. Watu wanalizima kwa SET SQL_SAFE_UPDATES = 0 na kuliacha limezimwa milele. Lizime kwa kazi hiyo moja, kisha lirudishe kwa = 1. Waliotengeneza MySQL waliipa kinga hii jina la pili la utani, --i-am-a-dummy, na bado linafanya kazi ukiliandika kwenye mstari wa amri.

Safu zaidi ya moja, na makosa mawili ya kimyakimya

Kufuta safu mbili kwa mkupuo, zitenganishe kwa mkato:

```sql
UPDATE wateja
SET simu = NULL,
    barua_pepe = NULL
WHERE hali = 'imefungwa';
```

Mkato, si AND. Kwa kuwa WHERE inaunganisha masharti kwa AND, vidole vinazoea, na mtu anaandika SET simu = NULL AND barua_pepe = NULL. MySQL na SQLite hazitalalamika. Zinaisoma amri hiyo kama safu moja, simu, inayopewa jibu la swali la mantiki "NULL na barua_pepe = NULL". Jibu la swali hilo ni NULL. Simu inafutika, barua pepe zinabaki zote, hakuna kosa lililoonyeshwa, na idadi ya mistari inaonekana sawa. Utaligundua tu ukitazama safu ya pili.

Kosa la pili ni alama za nukuu. SET simu = 'NULL' haifuti kitu; inaandika neno lenye herufi nne, N, U, L, L, kwenye kila mstari. Baada ya hapo IS NULL haiwaoni na skrini inaonyesha NULL, kwa hiyo mtu anaweza kukaa muda mrefu akijiuliza kwa nini hesabu hazikubaliani.

Seva ikikataa

Ukijaribu kuweka NULL kwenye safu yenye NOT NULL, utarudishiwa kosa, na ni haki yako kurudishiwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuirudisha safu kwenye thamani yake ya awali:

```sql
UPDATE wateja
SET pointi = DEFAULT
WHERE hali = 'imefungwa';
```

Hii inaweka 0, kwa kuwa ndivyo tulivyotangaza tulipounda jedwali. SQLite haikubali neno DEFAULT ndani ya UPDATE, hivyo huko andika 0 mwenyewe. Kumbuka pia kwamba kwenye safu isiyotangaziwa thamani ya awali, DEFAULT ni NULL, na kama safu hiyo ina NOT NULL unarudi kwenye kosa lilelile.

Njia ya pili ni kuliondoa sharti lenyewe, kama kweli safu inapaswa kuruhusu utupu:

```sql
-- PostgreSQL
ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN jina DROP NOT NULL;

-- MySQL
ALTER TABLE wateja MODIFY jina VARCHAR(100) NULL;

-- SQL Server
ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN jina VARCHAR(100) NULL;
```

Usiikimbilie. Sharti la NOT NULL liliwekwa na mtu, na huenda kuna programu inayolitegemea na itaanguka siku ya kwanza ikikutana na jina lisilokuwepo. Kwenye MySQL kuna la ziada: MODIFY inaandika upya maelezo yote ya safu, kwa hiyo kama ilikuwa na DEFAULT au maelezo mengine, yarudie humo, la sivyo yanapotea.

Bado kwenye MySQL: kama hali kali ya SQL (strict mode) imezimwa, UPDATE inayoweka NULL kwenye safu ya NOT NULL haikatai. Inaweka '' kwenye maandishi au 0 kwenye namba na kukupa onyo tu. Hali kali imewashwa kwa kawaida tangu toleo la 5.7, lakini kwenye seva nyingi imezimwa ili kubeba programu za zamani. Ukiona onyo, lisome kwa SHOW WARNINGS.

Safu ya ufunguo mkuu kwa kawaida haifutiki. Safu inayokokotolewa na seva yenyewe nayo haikubali UPDATE. Futa safu ya chanzo, ile ambayo seva inaitumia kuikokotoa. Safu inayoelekeza jedwali lingine inakubali NULL bila tatizo, mradi haina NOT NULL: mstari unaacha tu kuelekeza popote.

Orodha ya wa kufutiwa ikiwa kwenye jedwali lingine

Hapa nitakaa kidogo, maana mtego wa hapa ni mbaya kuliko yote.

Tuseme wateja walioomba namba zao ziondolewe wameorodheshwa kwenye jedwali la maombi, lenye safu mbili: mteja_id na tarehe. Unaandika:

```sql
UPDATE wateja
SET simu = NULL
WHERE id IN (SELECT id FROM maombi);
```

Soma tena. Jedwali la maombi halina safu inayoitwa id. Ungetegemea seva ikatae. Haikatai. SQL ikikosa jina la safu ndani ya swali dogo, inatoka nje kulitafuta kwenye swali kubwa, na huko inaikuta id ya wateja. Sharti lako sasa linauliza: je, id ya mteja huyu ni sawa na id ya mteja huyuhuyu? Ni sawa, kwa kila mteja. Mradi jedwali la maombi lina walau mstari mmoja, simu za wateja wote zinafutika. Hilo si kasoro ya seva fulani; ndivyo lugha yenyewe ilivyopangwa, na zote tano zinafanya hivyo.

Kinga yake ni nyepesi: ndani ya swali dogo, kila safu itajwe na jedwali lake.

```sql
UPDATE wateja
SET simu = NULL
WHERE EXISTS (
  SELECT 1
  FROM maombi m
  WHERE m.mteja_id = wateja.id
);
```

Ungeandika m.id hapo, seva ingesema mara moja kwamba safu hiyo haipo.

Napendelea EXISTS pia kwa sababu ya upande wa pili. Ukitaka kuwafuta wale wasiokuwa kwenye orodha kwa NOT IN, na kwenye orodha kuna mteja_id moja tu iliyo NULL, hakuna mstari hata mmoja utakaoguswa. Ni ileile "haijulikani" ya juu. NOT EXISTS haina ugonjwa huo.

Kufuta takataka tu, au sehemu ya thamani

Mara nyingine hutaki kufuta namba halali, unataka kuondoa zile zisizo namba: nafasi tupu, vistari, neno "hakuna" lililoandikwa na mtu aliyelazimishwa kujaza fomu.

```sql
UPDATE wateja
SET simu = NULL
WHERE TRIM(simu) IN ('', '-', 'hakuna', 'NULL');
```

Kwa kawaida TRIM inaondoa nafasi za kawaida tu, si alama za tabo wala za mstari mpya, ambazo huja na data iliyonakiliwa kutoka kwenye lahajedwali. Kwenye Oracle, ile '' haitamkamata mtu. Mwenye nafasi tupu mtafute kwa TRIM(simu) IS NULL AND simu IS NOT NULL.

Kama unachotaka kuondoa ni herufi fulani ndani ya thamani, tumia REPLACE:

```sql
UPDATE wateja
SET simu = REPLACE(simu, '-', '')
WHERE simu LIKE '%-%';
```

Masharti yakitofautiana kwa kila safu, CASE inayamaliza kwa amri moja:

```sql
UPDATE wateja
SET simu   = CASE WHEN hali = 'imefungwa' THEN NULL ELSE simu END,
    pointi = CASE WHEN pointi < 0 THEN 0 ELSE pointi END
WHERE hali = 'imefungwa' OR pointi < 0;
```

ELSE hizo mbili ndizo zinazolinda data yako. CASE isiyo na ELSE inarudisha NULL kwa kila kisichotimiza sharti, hivyo ukiisahau kwenye simu, mteja aliye hai mwenye pointi hasi naye anapoteza namba yake. Mimi kwa kweli huandika UPDATE mbili ndani ya muamala mmoja. Zinasomeka vizuri zaidi, na kila moja inatoa idadi yake ya kulinganisha.

Jedwali likiwa kubwa

Kwa mistari elfu chache, amri moja inatosha. Kwa mamilioni, amri moja inafungia mistari kwa muda mrefu, inajaza kumbukumbu ya miamala, na ukibatilisha katikati, kurudisha nyuma kunaweza kuchukua muda mrefu kama kwenda mbele. Fanya kwa mafungu:

```sql
-- MySQL
UPDATE wateja SET simu = NULL
WHERE hali = 'imefungwa' AND simu IS NOT NULL
LIMIT 2000;

-- SQL Server
UPDATE TOP (2000) wateja SET simu = NULL
WHERE hali = 'imefungwa' AND simu IS NOT NULL;

-- PostgreSQL
UPDATE wateja SET simu = NULL
WHERE id IN (
  SELECT w.id FROM wateja w
  WHERE w.hali = 'imefungwa' AND w.simu IS NOT NULL
  ORDER BY w.id
  LIMIT 2000
);
```

Rudia, kila fungu na COMMIT yake, mpaka seva ijibu mistari 0. Hapa ndipo IS NOT NULL inapolipa: bila hiyo, kila fungu lingekamata tena mistari ileile ya kwanza na kazi isingeisha kamwe. Elfu mbili si namba takatifu, ila kwenye SQL Server baki chini ya 5,000, maana karibu na hapo seva huacha kufungia mstari mmojammoja na kufungia jedwali zima.

Jedwali likiwa na triga (amri zinazojiendesha zenyewe data ikibadilika), zitaamka kwa kila mabadiliko. Safu ya tarehe ya mabadiliko itasogea kwa wateja wote uliowagusa, na jedwali la historia linaweza kujaa. Zikague kabla, si baada.

Kurudisha, na kuondoa mabaki

Ukigundua kesho kwamba kuna namba hazikupaswa kwenda, akiba ipo:

```sql
UPDATE wateja
SET simu = (SELECT a.simu FROM wateja_akiba a
            WHERE a.id = wateja.id)
WHERE simu IS NULL
  AND id IN (SELECT a.id FROM wateja_akiba a);
```

WHERE ya nje ina kazi mbili. Simu IS NULL inamlinda mteja ambaye tangu jana ameshajaza namba mpya, isije ikafunikwa na ya zamani. Sharti la id nalo linaacha nje wale ambao hawamo kwenye akiba, ambao seva isingekuwa na cha kuwarudishia.

Lakini kama ulifuta kwa sababu mwenye namba aliomba iondoke, au sheria ya faragha inadai hivyo, UPDATE peke yake haijamaliza kazi. PostgreSQL haiandiki juu ya mstari wa zamani. Inaandika toleo jipya na kuacha la zamani ndani ya faili mpaka VACUUM, amri yake ya usafi, ipite. MySQL inayoandika kumbukumbu ya mabadiliko kwa mistari huweka humo thamani ya kabla na ya baada. SQLite nayo inaweza kubakiza maandishi ya zamani kwenye kurasa za faili mpaka zitumike tena, isipokuwa PRAGMA secure_delete iwe imewashwa kabla ya kufuta. Ongeza nakala za usiku, jedwali la historia lililojazwa na triga, na faili ya CSV ambayo mtu aliitoa kwa ajili ya ripoti akaiacha kwenye kompyuta yake. Andika orodha ya sehemu hizo na muda ambao kila moja hukaa kabla ya kufutwa, maana anayeuliza "je, namba yangu imeondoka?" anauliza kuhusu zote.

Na ya kwanza kwenye orodha hiyo uliitengeneza mwenyewe kwenye hatua ya 3. Ipe tarehe ya mwisho, na siku hiyo ikifika:

```sql
DROP TABLE wateja_akiba;
```